"Atakulisha nini?" Swali linalovunja uchumba

Tuseme umempata mchumba. Mpole, mcheshi, anajua kusikiliza. Anatembelea magongo. Nyumbani shangazi anakuvutia pembeni na kunong'ona: "Mwanangu, huyu atakulisha nini?"

Usinune. Pesa ni sehemu ya ndoa, na shangazi ana haki ya kuuliza. Ila ameyatazama magongo akasahau swali la maana: kijana amesomea nini?

Kazi ni ujuzi
Tembelea stendi ya Msamvu, Morogoro. Kuna wanaokata tiketi, mafundi simu, mafundi cherehani, mawakala wa pesa za simu. Wengi hufanya kazi wamekaa! Kinachotakiwa ni ujuzi, na haupo mbali. Ukishika barabara ya Dodoma kutoka hapo unafika Kihonda, kwenye chuo cha VETA. Dar es Salaam kipo Chuo cha Yombo cha serikali, kinachowafundisha ufundi vijana wenye ulemavu.

Huruma inayofungia ndani
Tuwe wakweli, wengi hukwamishwa na wanaowapenda. Dada zake wanaenda shule, yeye anaachwa alinde nyumba, eti "asihangaike". Akifika miaka 25 hana cheti, tunasema ulemavu umemkosesha kazi. Jamani! Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na hadi cha sita tangu 2022. Inabaki sare, nauli ya bajaji na moyo wa mzazi.

Sheria ipo
Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, wenye sifa za kazi. Kampuni ya watu 200 inatakiwa iwe nao 6. Kwako wako wangapi, bosi?

Anayetaka kujiajiri aulize halmashauri. Asilimia 10 ya mapato yao ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Wewe mpenzi wake ufanye nini?
• Muulize mipango yake kama ambavyo ungemuuliza mwanaume mwingine yeyote. Kumwonea haya si kumpenda.
• Usimfanyie kila kitu. Anayebebwa kila siku hachoki, lakini hajiamini.
• Nendeni wote kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize utaratibu wa mikopo.
• Akiitwa usaili, msaidie kuuliza mapema: kuna ngazi? Choo anaweza kuingia?

Na kama kwenu kuna mdogo wenu "anayelinda nyumba", mpelekeni akaandikishwe shule. Siku moja naye atapenda, na atataka kwenda kujitambulisha ukweni akiwa na kazi yake. Kazi kwenu!