Ploti ndogo isikuzuie kujenga antena ya redio

WAPENZI wengi wa redio ya ridhaa wanaoishi mijini hukata tamaa mapema: waya ni mrefu, ploti ni fupi.

Antena ya daipoli ni waya uliokatwa katikati, mahali inapoungwa kebo ya redio. Ili kujua urefu wake kwa mita, gawanya 143 kwa masafa ya megahezi. Masafa ya megahezi 7.1 huhitaji mita 20 hivi. Ya megahezi 3.6 huhitaji karibu mita 40.

Mnamo 1955, Mmarekani Chester Buchanan alieleza namna ya kufupisha waya huo na kuutumia kwa masafa yote mawili. Kila upande huwa na waya wa mita 9.75, kisha koili ya mikrohenri 8.2 iliyounganishwa sambamba na kapasita ya pikofaradi 60, halafu waya mwingine wa mita 6.7. Jumla ni mita 33 hivi.

Kwenye megahezi 7, koili na kapasita hushirikiana kuzuia umeme usipite, hivyo waya wa ndani pekee ndio hufanya kazi. Kwenye megahezi 3.6 umeme hupita hadi mwisho, nayo koili huchukua nafasi ya waya uliopunguzwa.

Iwapo mita 33 bado ni nyingi, inua sehemu ya katikati kwa mlingoti na uziteremshe ncha mbili kwa mshazari.

Hata hivyo, ufupi una gharama. Kadiri unavyofupisha antena, ndivyo ukanda wa masafa inaofanyia kazi vyema unavyozidi kuwa mwembamba. Kwa hivyo, kata waya ukiwa mrefu kidogo, kisha uupunguze huku ukipima. Anza na waya wa ndani, ndipo umalizie na wa nje.

Aidha, kapasita iwe ya kustahimili volti nyingi, la sivyo itaungua unaporusha mawimbi. Ncha za waya ziwe juu, mbali na watoto, kwani zinaweza kuunguza.

Muhimu zaidi, usipitishe waya juu au karibu na nyaya za stima. Ukianguka juu yake, unaweza kuua.

Humu nchini, pata kwanza leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kurusha mawimbi. Mtandao wa simu unapokatika, antena hiyo na betri ya gari vyaweza kuwa njia pekee ya kuomba msaada.