MBWA ALIYEKAMATWA: KUHASI, NAMBA YA CHINI YA NGOZI, NA DAFTARI



Vyama vingi vya msingi hufuga mbwa wa kulinda maghala, na wanachama wetu wengi hufuga mbwa wa kulinda nyumba na mifugo. Mbwa hao wakizurura na kukamatwa, huzuka maswali matatu: ni wa nani, gharama zitalipwa na nani, na atarudishwa kwa masharti gani? Katika nchi kadhaa maswali hayo yamejibiwa kwa sheria zinazotaka mbwa ahasiwe na atiwe alama ya kudumu. Makala haya yanaeleza jinsi sheria hizo zinavyofanya kazi, ili wanachama wawe na la kusema siku halmashauri ya wilaya au serikali ya kijiji itakapoleta mapendekezo ya sheria ndogo juu ya mbwa.

Masharti ya kumrudisha

Huko Uingereza, Sheria ya Kulinda Mazingira ya mwaka 1990 inaitaka halmashauri kumweka mbwa aliyekamatwa akizurura kwa muda wa siku 7. Mwenyewe akijitokeza, hulipa gharama na kumchukua. Asipojitokeza, mbwa huweza kuuzwa, kutolewa kwa mtu mwingine, au kuuawa pasipo mateso.

Katika jimbo la California, Marekani, sheria imeongeza shinikizo la fedha. Mwenye mbwa asiyehasiwa aliyekamatwa hutozwa faini ya dola 35 mara ya kwanza, dola 50 mara ya pili, na dola 100 mara ya tatu na kila mara inayofuata, mbali na ada nyingine za kituo. Jiji la Los Angeles lilikwenda mbele zaidi mwaka 2008, likataka mbwa na paka wote wahasiwe wafikapo umri wa miezi minne, isipokuwa wale waliosamehewa na sheria yenyewe, kama vile wenye sababu za afya.

Yafaa tuangalie fedha za faini za California zinakwenda wapi. Sheria inaelekeza zitumike kuelimisha watu juu ya wanyama na kuwahasi wanyama kwa bei nafuu. Hivyo anayelipa kwa uzembe wake humsaidia jirani asiye na uwezo.

Namba ya chini ya ngozi

Alama inayotumika ni mikrochipu, kidude kidogo kama punje ya mchele, kilichofunikwa kwa kioo. Mtaalamu hukiingiza kwa sindano chini ya ngozi, aghalabu kati ya mabega ya mnyama. Hakina betri, wala hakitoi habari ya mahali mnyama alipo, kama wengine wanavyodhani. Kifaa cha kusomea kinapopitishwa karibu, mawimbi yake ya redio hukiamsha kidude, nacho hujibu kwa kutaja namba, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 15. Ni ndugu wa hereni za kielektroniki ambazo wafugaji wa Tanzania wamekwisha kuziona masikioni mwa ng'ombe.

Kidude hicho hakitaji jina la mwenye mbwa. Hutaja namba tu, na namba hiyo ina maana pale tu inapopatikana katika daftari lenye jina la mtu na mahali anapoishi. Katibu yeyote wa chama analifahamu jambo hili. Namba ya uanachama isiyo na ukurasa katika leja haimpatii mkulima malipo yake.

Waingereza waliliona hilo walipotunga kanuni zao. Tangu tarehe 6 Aprili 2016, kila mbwa wa Uingereza aliyetimiza wiki 8 sharti awe na kidude hicho, na tangu tarehe 10 Juni 2024 paka nao wametiwa katika sharti hilo wafikapo wiki 20. Lakini kanuni hazikuishia kwenye sindano. Mbwa ambaye habari za mwenyewe hazikuandikwa katika daftari, au zimepitwa na wakati, huhesabiwa kuwa hana alama. Mwenyewe hupewa siku 21 kurekebisha, na asipotii huweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Mbwa akipewa mtu mwingine, daftari nalo lazima libadilishwe.

Kuhasi na mipaka yake

Mbwa jike hubeba mimba kwa muda wa siku zipatazo 63, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wasiotakiwa hutupwa majalalani na pembezoni mwa masoko, na waliosalimika huwa ndio wazururaji wa kesho. Kuhasi hukata mfululizo huo. Kwa dume, mapumbu huondolewa. Kwa jike, tumbo hupasuliwa na kizazi hutolewa. Kazi zote mbili zahitaji dawa ya usingizi, mahali safi na daktari wa mifugo aliyefunzwa, na baadaye uangalizi wa takriban wiki mbili hadi kidonda kipone. Kumfunga mbwa kamba na kumkata kwa wembe ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 hairuhusu mateso kwa mnyama.

Hata hivyo hapana budi tuseme wazi kwamba kuhasi hakuzuii kichaa cha mbwa. Kinachozuia ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba watu 4 katika kila 10 wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Maradhi yakiisha kujitokeza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona.

Shirika hilo linashauri kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, watoto wa mbwa wakiwemo. Kuwaua mbwa ovyo hakusaidii, kwa kuwa watu huleta wengine wachanga wasiochanjwa kuziba pengo. Kisiwani Pemba, ugonjwa ulikomeshwa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo. Ukaingizwa tena na kuenea mwaka 2016, na chanjo zilizorudiwa zikaukomesha tena mwaka 2018. Kwa hiyo, halmashauri ikiwa na fedha za jambo moja tu, lianze la chanjo.

Maswali ya kuuliza

Nchini Tanzania, halmashauri ya wilaya ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982. Kijiji nacho huweza kupendekeza zake, zikajadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri. Mapendekezo juu ya mbwa yakiletwa, wanachama na waulize haya:

(a) Mbwa atawekwa siku ngapi, atalishwa na nani, na habari za kukamatwa kwake zitatangazwa wapi?

(b) Ada na faini ni kiasi gani? Ikizidi thamani ya mbwa mwenyewe, wenye mbwa watasema, "Huyo si wangu," na mzigo wote utaiangukia halmashauri.

(c) Nani atahasi, wapi, na kwa bei gani? Sharti lisilo na daktari wa kulitimiza hugeuka kuwa faini tu.

(d) Ikiwa alama ni mikrochipu, kifaa cha kusomea kitakuwa wapi, na daftari litatunzwa na nani? Bila vitu hivyo viwili, ukosi wenye kibati cha namba, pamoja na daftari la ofisi ya kijiji, utafaa zaidi na kwa gharama ndogo.

(e) Fedha zitakazokusanywa zitatumika kwa kazi gani, na hesabu yake itasomwa mbele ya nani?

Wajibu wa chama

Wakati tukisubiri sheria, yapo yaliyo mikononi mwetu. Mbwa alindaye ghala la chama ni mali ya chama, naye aandikwe katika daftari la mali: jinsia, rangi, mwaka alionunuliwa au kuzaliwa, tarehe ya chanjo na tarehe ya chanjo ijayo. Bodi imteue kwa azimio mtu mmoja wa kumtunza, na cheti cha chanjo kikae katika jalada la katibu, si mfukoni mwa mlinzi. Mbwa akifa au akihamishwa, daftari lirekebishwe siku hiyo hiyo. Siku atakapomuuma mtoto wa jirani, swali la kwanza la mganga litakuwa kama alichanjwa, na jibu lazima liwe limeandikwa.

Aliyeumwa na aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, akaanzishiwe chanjo. Makatibu wanaombwa kuibandika aya hii kwenye ubao wa matangazo wa chama, na kuwasiliana na afisa mifugo wa kata ili kujua tarehe ya chanjo ya mbwa katika maeneo yao.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika