Fildi za Wanasheria: Kazi Iko Dodoma, Ofisi Ziko Dar es Salaam

Bajeti ya Serikali ikisha kupitishwa, na waheshimiwa wabunge wakarejea majimboni mwao mwishoni mwa Juni, mji wa Dodoma hupumua kidogo; na ndipo wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 pale Chimwaga, wanapoingia katika msimu wao wa mafunzo kwa vitendo, ambayo wao kwa wao huyaita fildi. Barua za maombi aghalabu zilikwisha kupelekwa miezi kadhaa nyuma, nao wengi hufikia siku za mwisho bila ya kupata jibu lolote, la kukubaliwa wala la kukataliwa.

Kule London jambo hili limekuwa na utaratibu wake uliokwisha kukomaa. Kampuni kubwa za mawakili wa biashara hutangaza tarehe ya kufungua maombi na ya kuyafunga, huwapima waombaji kwa mitihani na mahojiano, huwalipa ujira wale wanaochaguliwa kukaa ofisini kwa majuma machache ya likizo, kisha kutoka miongoni mwao huwateua watakaopewa mkataba wa mafunzo wa miaka miwili. Wala hawafanyi hivyo kwa hisani, bali kwa hesabu, maana kumtazama kijana kazini kwa siku chache ni gharama ndogo kuliko kumwajiri na kumjutia.

Kwetu mambo ni mengine. Mwanafunzi hubeba barua ya utambulisho kutoka chuoni, wasifu wake na matokeo ya mihula iliyopita, akaviacha mapokezi. Na kuanzia hapo, tuseme kweli, mambo huendeshwa na kujuana. Mwenye ami wakili au shangazi hakimu hupata nafasi kwa simu moja, ilhali mtoto wa mkulima wa Kondoa au Manyoni, hata akiwa na alama nzuri kuliko huyo, hungoja. Sisemi kwamba mawakili wetu ni watu wabaya. Ofisi nyingi zina mawakili wawili au watatu tu, na hazina mtu wa kuketi kusoma barua za wageni. Walakini kujuana ni ushuru anaotozwa asiyekuwa na jamaa mjini, nayo ofisi yenyewe hupata hasara kwa kumkosa aliye bora.

Fauka ya hayo kuna suala la fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutenga sehemu ya mkopo kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, lakini asiyekuwa na mkopo hana fungu hilo, na ofisi aghalabu hazilipi chochote. Hata hivyo macho ya wanafunzi wengi huelekea Dar es Salaam, ambako ziko kampuni zenye mafungamano na za ng'ambo, mathalan Bowmans na Clyde & Co. Treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 imefupisha njia ya kwenda huko, bali kodi ya chumba haikuifupisha.

Na hapa ndipo nionapo kosa la hesabu. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma kwa nguvu kuanzia mwaka 2016, kazi nyingi ya sheria za biashara imehamia nayo, ingawa majina makubwa ya mawakili yamebaki pwani. Mzabuni asiyeridhika na jinsi zabuni ya umma ilivyotolewa hupeleka shauri lake kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, ambayo makao yake yako Dodoma. Leseni za madini hutoka Tume ya Madini, nayo iko hapa. Na kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta hiyo zinaitaka kampuni ya madini ihudumiwe na mawakili wa Kitanzania pale inapohitaji huduma ya sheria nchini. Basi mgodi wa dhahabu wa Singida, ulioko Ikungi, una haja ya wakili anayeijua njia ya kwenda Tume. EWURA, inayosimamia nishati na maji, ina makao yake hapahapa. Kadhalika ardhi: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyokuwa ikimilikisha viwanja kwa hati za miaka 33, ilivunjwa Mei 2017, na hati za miaka 99 zikashika nafasi ya hizo, kwa hiyo rehani, mauzo na ugomvi wa mipaka vimewapa mawakili wa hapa riziki isiyokatika.

Mwanafunzi aliyekaa wiki nane katika ofisi ndogo ya Dodoma, akaandaa rufani ya zabuni na kufuatilia hati ya kiwanja hadi ikatoka, amejifunza zaidi ya yule aliyekuwa akitoa nakala katika ghorofa refu la pwani. Na haja ya kujifunza mapema ni kubwa. Mwaka 2022 taifa zima lilishtuka iliposikika kwamba kati ya watahiniwa 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, wanakopita wahitimu wa shahada kabla ya kuwa mawakili, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, hata Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Watu walilaumu shule, wakalaumu vyuo, na baadhi wakalaumu lugha. Mimi naongeza kwamba kijana anayeshika jalada la mteja kwa mara ya kwanza baada ya shahada amechelewa.

Kwa hiyo nawasihi mawakili wa Dodoma, na Chama cha Mawakili Tanganyika kilichokuwepo tangu 1954, wakubaliane juu ya tarehe moja ya kupokea maombi ya fildi, waitangaze vyuoni ifikapo Januari, na wamjibu kila mwombaji, hata kwa mstari mmoja. Nauli na chakula cha mchana kwa kijana mmoja kwa wiki nane ni gharama ambayo ofisi yenye wateja inaiweza.