Kidonge cha Kila Siku na Kichwa Kisichopona

Msomaji wetu wa Kashikishi, dada anayefanya biashara ya samaki wa Ziwa Mweru, anasema kichwa kinamuuma karibu kila siku tangu mwaka jana. Kila akienda kliniki anapimwa malaria. Safari nyingine inaonekana, safari nyingine haionekani, na hata akimaliza dawa kichwa kiko palepale. Anauliza: ni malaria gani hii isiyoisha?

Wilaya ya Nchelenge, iliko Kashikishi, ina malaria nyingi mno, na ndiyo sababu kipimo peke yake hakitoshi. Wapo wengi wanaobeba vimelea bila kuumwa. Tena kipimo cha haraka hutafuta protini ya kimelea, nayo hubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Malaria ikionekana itibiwe, lakini kichwa cha miezi mingi kinataka maswali mengine.

Maswali yenyewe ni mawili. Kwa mwezi, kichwa kinauma siku ngapi? Na kwa mwezi, unameza dawa ya maumivu siku ngapi? Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba Lusaka na Mkoa wa Kusini, akiwamo Edward Mbewe, walichapisha mwaka 2015 makadirio yanayotisha: asilimia 11.5 ya watu wazima wa Zambia huumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na asilimia 7.1 yaelekea wanaumwa kwa sababu ya dawa zenyewe.

Wataalamu husema ni maumivu ya kuzidisha dawa. Neno hilo silipendi, maana mgonjwa hudhani anashutumiwa kumeza vidonge vingi kwa mkupuo. Kinachohesabiwa ni siku: 15 kwa mwezi kwa parasetamoli tupu, 10 tu kwa vidonge vya mchanganyiko au vyenye kodeini, kwa zaidi ya miezi 3. Mimi nakiita kichwa cha vidonge.

Sasa tuingie ubongoni, tuone dawa inavyogeuka kuwa chanzo cha maumivu. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão alieleza wimbi la ajabu linalotambaa juu ya ubongo, milimita chache kwa dakika, likizima shughuli za seli linapopita. Wimbi hilo linahusishwa na kipandauso. Huko Bangkok, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn waliwapa panya parasetamoli. Dawa ya muda mfupi ilipunguza mawimbi. Ya siku 30 iliyaongeza! Dawa ileile, matokeo yamepinduka.

Mvuvi wa Mweru ataelewa upesi. Boti la mbao linavuja, analivuta mchangani. Maji hayaingii tena, naye anapumua. Lakini juani mbao zinakauka, zinanywea, viungo vinaachana. Akilishusha ziwani linavuja kuliko jana, basi analivuta tena, na kila akilivuta viungo vinazidi kufunguka. Dawa yake ni kuliacha majini. Siku za mwanzo atakumba maji hadi mikono imuume, kisha mbao zinavimba na kufunga nyufa zenyewe. Kichwa cha vidonge kiko hivyohivyo. Ukiacha parasetamoli, maumivu huzidi kwa siku 2 hadi 10, halafu ubongo huanza kujifunga. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi 2. Anayemeza dawa hizohizo kila siku kwa ajili ya magoti, na hana historia ya kuumwa kichwa, kwa kawaida hapati kichwa hiki. Boti lake halikuwa na viungo vilivyolegea.

Mhudumu apime pia shinikizo la damu, aulize kuhusu VVU na ujauzito. Homa na shingo ngumu, maumivu ya ghafla makali, degedege, kuona vibaya, udhaifu wa upande mmoja, au kichwa kipya baada ya miaka 50: hospitali siku hiyohiyo, na kwa Kashikishi ni St Paul's. Anayetumia kodeini asiache peke yake.

Dada yangu, chukua daftari unaloandikia hesabu za samaki. Kwa mwezi mmoja, kila jioni, andika kama kichwa kimeuma na umemeza nini. Nenda nalo kliniki, ulifungue kabla hujatoa kidole kupimwa damu, na uulize kuhusu amitriptilini, kidonge cha usiku cha kukinga maumivu.