Dirisha Lisilovuja: Sitara ya Nyumba na Amana ya Fundi

Masika yanapokaribia, wengi wetu hutazama juu, kwenye paa. Huagiza mabati yakaguliwe, mifereji izibuliwe na vigae vilivyopasuka vibadilishwe. Ni wachache mno wanaolitazama dirisha. Hata hivyo, katika nyumba mpya tulizozizuru hapa mwambao, mara nyingi maji hayakuingia kwa juu. Yaliingia ubavuni, kidogo kidogo, pembeni mwa fremu iliyotiwa kwa haraka.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alijenga kwa miaka sita, kwa fedha za chama na za mahamri aliyoyauza kila alfajiri. Alihamia mwezi wa Shaabani ili Ramadhani imkute kwake. Haukupita mwezi tangu Idi, mvua zikaanza. Usiku wa kwanza aliamka kusali, akalikuta godoro la mjukuu wake limerowa, na mtoto huyo ana pumu. Baada ya wiki mbili lipu iliyo chini ya dirisha ilikuwa imefura, rangi imebambuka, na kuvu nyeusi imetanda ukutani.

Qur'ani Tukufu, katika Suratu-Nnahl, imeitaja nyumba miongoni mwa neema, kuwa ni mahala pa utulivu. Hakuna utulivu katika chumba ambacho mtoto anakohoa usiku kucha. Kwa sababu hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa kina, hasa kwa akina mama, ambao ndio wanaoishi na makosa ya ujenzi baada ya fundi kuondoka.

Maji hupita wapi?

Mvua za masika huja pamoja na kusi. Upepo huyasukuma maji ukutani kwa ubavu, na madirisha yaelekeayo kusini na baharini ndiyo yapigwayo zaidi. Isitoshe, nyumba zetu nyingi hujengwa kwa mawe ya matumbawe, yenye vitundu na yenye kunyonya maji. Wazee wetu waliyajua hayo. Kuta zao zilikuwa nene, zilipakwa chokaa iachayo unyevu kutoka, na katika nyumba za kale za Lamu vyumba vilielekea kiwanda cha ndani badala ya njia. Sisi tumefungua madirisha mapana yatazamayo nje, nalo si kosa. Lakini dirisha pana linataka uangalifu mkubwa zaidi.

Kabla fremu haijatiwa

Kwanza, tundu la dirisha lipimwe kwa timazi na pimamaji. Tundu likiwa la mshazari, fremu hulazimishwa, na nafasi inayobaki pembeni hujazwa kwa karatasi za mifuko ya saruji kisha hufichwa kwa lipu. Karatasi hiyo hunyonya maji kama utambi. Nafasi ifaayo kuizunguka fremu ni ndogo na iliyo sawa, kama nusu sentimita hadi moja kila upande.

Pili, tundu lenyewe lipakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya fremu. Huanzwa chini, kisha pande mbili, kisha juu, ili tabaka la juu lilifunike la chini. Ndiyo kanuni ile ile ya kuezeka makuti: huanzwa chini, na kuti la juu hulilalia lililotangulia, maji yakateremka nje. Kinyume chake hakuna paa.

Tatu, kizingiti cha chini kiinamie nje. Kikiwa na upana wa sentimita kumi, upande wa nje uwe chini kwa sentimita moja hivi. Kitokeze mbele ya ukuta kwa sentimita nne au tano, na chini yake pachongwe mchirizi mwembamba. Tone la maji likifika kwenye mchirizi huo hudondoka. Pasipokuwa nao, hutambaa chini ya kizingiti na kuurudia ukuta. Kibaraza kidogo juu ya dirisha nacho husaidia sana.

Fremu yenyewe

Dirisha la chuma lipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kutiwa, hasa zile ncha zinazozama ukutani. Hewa yetu ina chumvi. Kutu huvimba, ikapasua lipu na kuyafungulia maji njia. Dirisha la alumini nalo lifunikwe kwa karatasi ya kunata wakati wa kupiga lipu, kwa sababu saruji mbichi huila alumini.

Madirisha ya kusukuma yana vitundu vidogo kwenye reli ya chini, upande wa nje. Vitundu hivyo si kasoro. Ndivyo vinavyoyatoa maji yaliyoingia relini. Mwashi akiviziba kwa lipu au mpaka rangi akavijaza, reli hufurika na maji humwagika ndani.

Silikoni huja mwisho, baada ya lipu kukauka na vumbi kupanguswa. Ikipakwa juu ya vumbi au unyevu haishiki, nayo huchanika mapema. Tena, silikoni haitengenezi kizingiti kilichoinamia ndani. Hukificha tu kwa muda.

Ukaguzi wa mwenye nyumba

Hapana haja ya kuwa fundi ili kukagua. Mimina kikombe cha maji juu ya kizingiti cha nje uone yanaelekea wapi. Pitisha kidole chini yake uusikie mchirizi. Kisha, kabla rangi ya ndani haijapakwa, mtu mmoja anyunyize maji kwa mpira upande wa nje, akianza chini na kupanda taratibu, dakika kadhaa kila sehemu, na mwingine asimame ndani akitazama. Ukianza juu hutajua maji yamepenyea wapi. Kosa likionekana siku hiyo, gharama yake ni ndogo. Likionekana baada ya kuhamia, ni kubomoa.

Haki za pande mbili

Yule mama alipoona ukuta umefura, alizuia salio la fundi. Fundi naye alilalamika kwamba amedhulumiwa, kwani hawakuandikiana kitu. Kila mmoja alikuwa na hoja. Kazi ilikuwa mbovu, lakini dini yetu imekataza kumcheleweshea mtu ujira wake bila sharti walilokubaliana. Mzee wa mtaa aliwasuluhisha: fundi alirudi, akang'oa fremu mbili, akavijenga upya vizingiti, kisha akalipwa.

Lingeepukika hilo kwa karatasi moja. Qur'ani imetuamrisha kuandikiana katika madeni, na mapatano ya ujenzi yanafaa kuandikwa vivyo hivyo. Iandikwe kwamba kizingiti kitainama nje, kitakuwa na mchirizi, na kwamba dirisha litajaribiwa kwa maji. Iandikwe pia kwamba sehemu ndogo ya malipo, iliyotajwa kiasi chake, itabaki hadi masika ya kwanza yapite. Fundi akiridhia mwanzo, hakuna dhuluma mwisho.

Nanyi ndugu zetu mafundi, mchirizi ulio chini ya kizingiti hauonwi na mgeni wala hausifiwi na mpita njia. Lakini mwenye kuufanya kwa ihsani amemlinda mtoto asiyemjua, na Mola wake anamwona.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za sitara, afya na baraka. Amin.