Siri za Wagonjwa Zikivuja Ng'ambo, Mahakama Ipi Itamwita Mdaiwa?

Kabla ya kuuliza kama mdaiwa ana kosa, mahakama hujiuliza kwanza kama ina uwezo wa kumwita mbele yake na kumfunga kwa hukumu yake. Uwezo huo, ambao hapa utaitwa mamlaka juu ya mdaiwa, haukusumbua sana zamani, kwa kuwa aliyemdhuru mwenzake kwa kawaida aliishi au alifanya biashara karibu naye. Taarifa za wagonjwa zimevuruga utaratibu huo, kwani hospitali inaweza kuandika jina, simu, kijiji na ugonjwa wa mtu katika programu ya kampuni ya kigeni, huku kompyuta inayohifadhi yote hayo ikiwa katika nchi ya tatu; siku siri zikivuja, waliodhurika wako wilaya moja na anayepaswa kujibu yuko bara jingine.

Bwera, wilayani Kasese nchini Uganda, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Mji huo uko jirani na mpaka wa Mpondwe, ng'ambo yake ni Kasindi nchini Kongo, na Wakonzo na Wanande wa pande hizo mbili ni ndugu kwa lugha na kwa ukoo, hivyo wagonjwa huvuka mpaka kufuata matibabu. Mgonjwa anayefika na daftari lake la shule, ambamo mganga huandika maelezo ya ugonjwa na dawa, huondoka nalo mkononi. Kilichoingizwa katika kompyuta hubaki nyuma, wala hana njia rahisi ya kujua kimefika wapi. Juni 2019, Ebola ilipoingia kutoka Kongo na mtoto wa miaka 5 kufariki Bwera, iliwabidi maafisa wa afya kuorodhesha na kufuatilia kila aliyekuwa karibu na familia yake. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, lakini orodha ya namna hiyo ikifika mikononi mwa wasiohusika, mtu anaweza kutengwa na majirani hata kama hakuugua.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 ilikuwa imeanza kutumika nchini Uganda. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, inamtaka mwenye kuzihifadhi atoe ripoti mara zinapovuja, na inampa aliyedhurika haki ya kudai fidia mahakamani. Jambo kubwa zaidi ni kwamba inamgusa anayekusanya au kutumia taarifa ndani ya Uganda, na pia aliye nje ya nchi anayeshika taarifa za raia wa Uganda. Julai 2025 Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitumia upeo huo dhidi ya Google, iliyokuwa imelalamikiwa na Waganda wanne: utetezi kwamba kampuni hiyo haina ofisi nchini haukukubaliwa, ikaamriwa ijisajili, ila suala la fidia likaachiwa mahakama.

Neno "raia" ndilo linaloleta taabu Bwera. Mkonzo wa Mpondwe na Mnande wa Kasindi wanaweza kuketi benchi moja, wakaandikwa na muuguzi mmoja, na taarifa zao zikavuja usiku mmoja kutoka kampuni moja ya ng'ambo, lakini kifungu kinachoifikia kampuni hiyo kinamtaja waziwazi wa kwanza peke yake. Wa pili atalazimika kujenga hoja kwamba taarifa zilikusanywa Uganda, na kwamba kampuni ilishiriki katika ukusanyaji huo. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa haki inastahili kushinda, lakini ni jambo la kusikitisha kwamba sheria inamlazimu mgonjwa kuijenga.

Kesi ya kundi huongeza ugumu. Kanuni za Uganda zinaruhusu mtu mmoja, kwa idhini ya mahakama, kuwawakilisha wengi wenye maslahi yaleyale, na wahusika wote hupewa taarifa. Kanuni ya Uingereza ya aina hiyo ilijaribiwa katika kesi ya Lloyd dhidi ya Google, ambapo Richard Lloyd aliomba ruhusa ya kuipelekea kampuni hiyo wito wa mahakama Marekani kwa niaba ya mamilioni ya watumiaji wa iPhone. Novemba 2021 Mahakama ya Juu ilikataa, kwa kuwa kila mtu alipaswa kuonyesha dhara lililompata yeye mwenyewe. Nchini Marekani, hukumu ya Bristol-Myers Squibb ya 2017 iliwazuia wadai 592 wasio wakazi wa California kuishtaki kampuni ya dawa katika jimbo hilo, ambako haikuwa na makao na wao hawakudhurikia, na mahakama za huko zimebishana kama katazo hilo linahusu pia kesi za kundi. Ni salama zaidi kumfuata mdaiwa nyumbani kwake: taarifa za watu wapatao milioni 190 zilipoibwa kutoka kampuni ya Change Healthcare mwaka 2024, kesi nyingi zilikusanywa Minnesota, yaliko makao ya kampuni mama, UnitedHealth.

Mkazi wa Kasese hawezi kumfuata mdaiwa kwa urahisi huo, kwani safari hiyo inadai wakili wa kigeni na fedha nyingi. Njia iliyo karibu zaidi ni mkataba: hospitali inaponunua programu, inaweza kuitaka kampuni ikubali mamlaka ya mahakama za Uganda, imteue mtu nchini wa kupokea wito kwa niaba yake, na kipengele hicho kiwataje kuwa wanufaika wagonjwa wote waliotibiwa hapo, bila kuuliza uraia wao.