Egon Müller, bingwa wa pikipiki zisizo na breki

Kila nikiwatumia ndugu wa mji wa Kabalo video ya mbio za spidiwei, swali la kwanza ni lile lile: breki iko wapi? Haipo. Pikipiki ile ina injini ya silinda moja, cc 500, inakunywa methanoli badala ya petroli, ina gia moja, na inazunguka uwanja wa udongo kwa kukata kushoto tu. Wanne wanaondoka pamoja, wanazunguka mara nne, na kwa dakika moja hivi kazi imekwisha. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anatoka mikono mitupu.

Breki iliachwa kwa ajili ya usalama, na najua wamotari wa kwetu watacheka. Lakini watu wanne wakiwa wamebanana kwenye kona, mmoja akishika breki ghafla, wa nyuma anampanda mgongoni. Kinachopunguza mwendo ni kuteleza kwenyewe. Mtu aliyepakia mizigo kwenye mchanga wa kiangazi anaujua ule wakati gurudumu la nyuma linapotaka kukimbilia pembeni: mkono wenyewe unaachia mafuta. Dereva wa spidiwei hapo ndipo anapovuta zaidi. Pikipiki inalala, usukani unaelekea kulia ilhali safari ni ya kushoto, na mguu wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, unaburuzwa chini.

Sasa tuje kwa Mzee Müller. Alizaliwa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1948. Jina lake alilijenga kwanza kwenye tawi la pili la mchezo huu, mbio za njia ndefu, ambazo Ujerumani zina mashabiki wengi. Huko uwanja unaweza kufika mita 1,000 kwa mzunguko, mara nyingi ni ule ule wa farasi. Pikipiki ina gia mbili na fremu ndefu kidogo, na kwenye sehemu iliyonyooka mwendo unapita kilomita 130 kwa saa, breki bado hamna. Müller alitwaa ubingwa wa dunia wa njia ndefu mara tatu: 1974, 1975 na 1978. Katikati ya hayo yote alirekodi nyimbo za pop. Sizisifii nyimbo, ila zinaonyesha alikuwa mtu wa namna gani: alipenda kutazamwa.

Ubingwa wa spidiwei ndio uliomkwepa. Miaka ile wakali wengi wa uwanja mfupi walikula mshahara wa vilabu vya Uingereza, wakishindana wiki hadi wiki. Müller alipita huko kwa muda mfupi tu. Njia ndefu humsamehe mwenye injini nzuri akichelewa kutoka. Uwanja mfupi hausamehe: kosa la kuachia klachi linakugharimu mbio nzima.

Mwaka 1983 fainali ya dunia ililetwa Norden, kwenye uwanja wa Halbemond, karibu na Bahari ya Kaskazini. Wakati ule taji liliamuliwa kwa siku moja: watu 16, mbio 20, kila mmoja akishiriki tano. Müller, mwenye miaka 34, alikuja na injini ya GM ya Mwitaliano Giuseppe Marzotto, ambayo ilikuwa bado ngeni mbele ya injini za Jawa na Weslake. Akashinda zote tano. Pointi 15 kati ya 15, mbele ya Mwaustralia Billy Sanders aliyepata 14 na Mwingereza Michael Lee aliyepata 13.

Wako wanaosema alibebwa na uwanja wa nyumbani. Mimi siafiki. Uwanja wa nyumbani unaweza kukupa mbio moja au mbili, si tano mfululizo. Na hadi leo hakuna Mjerumani mwingine aliyetwaa ubingwa wa dunia wa spidiwei wa mtu mmoja mmoja.